Neno la Mwisho la Sumaku

Jamani, hili hamtaliamini, lakini lilitokea mchana kweupe: fundi wa miaka kumi na miwili kazini aliuawa na waya uliozimwa. Umezimwa kabisa! Swichi imepigwa kufuli, ufunguo uko mfukoni kwa msimamizi. Waya ukamuua hivyo hivyo. Na hilo ndilo dogo.

Fundi mwenyewe walimwita Sumaku, kwa sababu ukikaa naye dakika tano tu lazima akutolee ile tochi yake. Tochi ya kutikisa, haina betri. Ndani ina koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mizunguko mingi, na kipande cha sumaku kinachoteleza katikati.

"Ona, shemeji," alikuwa akimwambia kaka wa mke wake. "Sumaku ikitulia, giza. Nikitikisa, mwanga. Waya hauna habari na sumaku iliyolala, unataka iende, irudi."

"Na mimi nataka chai."

"Kichwa zege wewe!"

Huyo shemeji kazini alikuwa akiitwa Chini. Miaka sita kwenye kikosi cha laini za umeme, hajapanda nguzo hata moja, urefu unamtoa jasho. Yeye ni kamba, vifaa na ethi. Ethi ni ule waya mnene unaobanwa kwenye laini kwa fimbo ndefu, mwisho wake mwingine umefungwa kwenye chuma kilichopigwa ardhini, ili umeme wowote uishie huko na si kwa mtu.

Siku hiyo walikuwa wanatengeneza laini iliyozimwa. Lakini hatua chache pembeni, sambamba nayo, ilipita laini kubwa ya minara, inavuma kama nyuki. Sumaku alimshika Chini bega, safari hii bila utani.

"Umeme wa pale juu unakwenda na kurudi mara hamsini kila sekunde. Ni kama mtu anatikisa tochi mchana kutwa, na waya wetu ndio koili. Bila ethi, hii laini iliyozimwa inaniua. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Ethi zilitakiwa mbili, moja kila upande wa fundi. Ya pili ilivunjika kibano mwezi uliopita. Msimamizi alisema moja inatosha, akarudi kukaa kwenye gari.

Nguzo nne zikaenda vizuri. Ya tano, Sumaku alikaa sana juu bila kugusa waya, mkanda wake wa usalama ulikuwa unamsumbua. Chini yeye ameinama, anakunja kamba. Akasikia sauti kutoka juu:

"Tayari!"

Tayari ipi? Tayari nimemaliza, au niko tayari kuanza? Chini hakuuliza. Alisikia nimemaliza. Akachukua fimbo, macho kwenye kibano, si kwa mtu, akabandua ethi aipeleke nguzo ya sita.

Sumaku ndiyo kwanza alikuwa ananyoosha mkono.

Hakupiga hata kelele. Alibaki ananing'inia kwenye mkanda, kofia ngumu ikaanguka miguuni kwa shemeji yake.

Msimamizi alikuja mbio. Akaitazama ethi iliyolala kwenye majani, akakumbuka ile ya pili iliyovunjika, sura ikambadilika.

"Alisema tayari, au hakusema?"

"Alisema."

"Basi yeye ndiye aliyeagiza itolewe. Weka sahihi hapa kwenye ripoti."

Chini akaweka.

Msibani dada yake, mjane wa Sumaku, alikuwa amekaa kwenye godoro, tochi mapajani. "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini mwisho?"

"Alisema... tayari."

Dada akafunika mdomo. "Tayari? Mungu wangu! Kumbe alikuwa tayari!" Basi neno likazunguka nyumba nzima, wanawake wakalia kwa faraja, jamani marehemu aliijua safari yake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile dada akanywa maji. Akaagiza neno hilo lichongwe kwenye jiwe la kaburi.

Wiki ya pili barua ya kazini ikafika. Ajali imesababishwa na marehemu mwenyewe, aliyeagiza ethi iondolewe.

Dada aliisoma mara mbili, akamwita kaka yake chumbani, akafunga mlango.

"Sumaku aagize ethi itolewe? Mtu aliyekuwa ananihubiria ethi mpaka kitandani? Hapa kuna mtu amesema uongo. Kaka, nani aliitoa?"

Chini akapiga hesabu. Akisema, jina la shemeji yake linasafishika, lakini lile neno kwenye jiwe linageuka kitu kingine kabisa, na dada anampoteza mume na kaka kwa mpigo mmoja. Akinyamaza, Sumaku anabaki mzembe milele.

Dada ameishika tochi. Haitikisi. Anamtazama kaka yake usoni, anasubiri.

Haya, ungekuwa wewe, ungemjibu nini?