Mafundo ya Baba

Baba yangu Malual alijua kujenga, na hilo ndilo lililotuponza. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2012, yeye akikohoa tangu tutoke kwetu Bor, Sudan Kusini, na siku ya pili tu akaingia vichakani kukata mathenge, ile miti ya miiba. Alipinda fito, akazifunga kwa magome aliyoyatafuna kwanza yalainike, akaezeka kwa majani ya mkoma, mlango akauelekeza uupe upepo kisogo. Hata saa saba mchana ndani palikuwa na ubaridi.

Majirani walirundika matawi ovyo tu. Byron, karani wa mahema, alipopita na orodha yake akawaandika wote. Kwetu aliinama, akachungulia, akagonga nguzo.

"Madam, si mko na nyumba tayari? Hema ni ya watu hawana kitu."

Baba alitabasamu, akidhani anasifiwa. Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Byron aliandika mbili pembeni mwa orodha, akasema atarudi Alhamisi kuhakiki, lori likifika kutoka Lodwar. Mvua ilikuwa karibu, na majani yale yasingeizuia kumlowesha mgonjwa. Kwa hiyo Jumatano, Baba alipokuwa foleni ya maji, nilikibomoa kibanda. Kila fundo lilikataa kulegea, mwishowe nikashika panga. Sijapumua vizuri, majirani wakaja kuzoa fito. Kakuma kuni hazilali chini. Jioni nguzo za Baba zilikuwa zinachemsha maharagwe ya Anyang, jirani yetu.

Baba hakunigombeza. Aliketi palipokuwa na mlango, akaniuliza kama mafundo yake yalikuwa mabovu. Nikamwambia ndiyo. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi Byron hakuja. Lori limeharibika Lodwar, walisema. Ijumaa pia hakuja. Nilimwomba Anyang amhifadhi Baba, akasema kikohozi hicho kitawaambukiza watoto. Nikamfunika kwa leso yangu, jua likapita humo humo. Jumapili asubuhi aliacha kukohoa, na tukamzika.

Jumatatu Byron alikuja na lori limejaa. Alitazama kiwanja kitupu, akaridhika, akauliza tuko wangapi. Nikasema nimebaki peke yangu.

Alikata ile mbili, akaandika moja. "Pole, Madam. Hema ni ya familia, kuanzia watu wawili. Mtu mmoja anapelekwa kule kwa banda ya watu wote."

Anyang alipata hema lake, akaniita nimsaidie kufunga kamba. Nilizifunga kwa fundo la Baba. Upepo wa mwaka mzima haukulilegeza.