Mdogo Aliyewazidi Wakubwa Umri

Katika idara yetu ya elimu ya michezo, ukubwa haukuhesabiwa kwa akili wala kwa ndevu. Ulihesabiwa kwa mwaka ulioingia chuo. Aliyekutangulia hata kwa mwaka mmoja ni mkubwa wako. Unamwinamia mpaka kiuno kikukatike, na akikuambia maji ni maziwa, unauliza tu unywe vikombe vingapi. Ndiyo maana ujio wa Maeng Seon-hwa uliwavuruga watu vichwa. Alikuwa mwaka wa kwanza kama sisi, lakini ana miaka thelathini na tatu, mchezaji wa mpira wa mikono aliyestaafishwa na goti, akaamua kusomea ualimu. Na huku kwetu Korea mtu hampandishii sauti aliyemzidi umri.

Sasa wakubwa wetu, vijana wa miaka ishirini na kidogo, wangemfanyaje? Walijitia hamnazo. Kila tulipoitwa ukumbini kwa kile walichokiita malezi, Ban Do-gyun wa mwaka wa tatu, mwenyekiti wa wanafunzi wa idara, alimwambia kwa adabu zote, "Dada, wewe nenda tu ukapumzike."

Sisi wengine hatukupumzishwa. Tuliweka vipaji vya uso sakafuni, mikono mgongoni, makalio juu, tukakaa hivyo mpaka mtu aanguke. Kosa letu? Mmoja ametembea akitazama simu. Mwingine amesalimia kwa sauti ndogo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, walituambia, utadhani walituzaa wao.

Hayo tungeyavumilia. Lililotutisha lilikuwa safari ya masika ya ufukweni Daecheon, ambako kila mgeni wa idara hunywa pombe kutoka bakuli moja kubwa, na halirudi mezani mpaka liwe tupu. Rafiki yangu Tak Eun-byeol hawezi pombe. Simaanishi analewa haraka. Akionja hata tone la pombe ya kumtambikia babu yake, koo linavimba na pumzi inakata; aliwahi kukimbizwa hospitali akiwa amegeuka rangi. Alimweleza Do-gyun. Do-gyun akacheka. "Mwili ukizoea, utakuja kunishukuru."

Tulikuwa kantini tukila supu na wali, Seon-hwa alipoketi mbele yetu na kumtazama Eun-byeol usoni.

"Kipaji chako cha uso kimefanya nini?"

"Nimejigonga, dada."

"Na huyu Gyu-tae naye kajigonga palepale?" Akaninyooshea mimi kidole. "Mlango wenu huo una chuki na mwaka wa kwanza."

Tukamwambia yote. Mimi, kwa moto wangu, nikasema tuandike mtandaoni, kwenye ule ukurasa wa wanafunzi usiotaja majina.

"Mtaandika nini?" akauliza. "Kwamba kuna mtu koo linavimba? Idara nzima ina makoo mangapi ya namna hiyo?"

Nikakumbuka kisa tulichosimuliwa. Mwaka uliopita kuna kijana aliandika pale kwamba amepigwa mpaka akatoka damu puani. Aliyetoka damu alikuwa mmoja. Kabla ya jua kuzama walishamjua, na kabla ya mitihani alikuwa ameacha chuo.

"Basi twende idarani," akasema Eun-byeol.

"Kwa yule msaidizi wa idara? Anayemwita Do-gyun 'mdogo wangu' na kula naye nyama kila Ijumaa?" Seon-hwa alimmenyea kitunguu saumu na kumwekea bakulini. "Sikilizeni. Kipo kituo cha haki za binadamu cha chuo, hakiko chini ya idara. Kule ndiko. Ila wao wanataka mtu aliyeona kwa macho yake. Na mimi kila siku naambiwa nikapumzike."

"Tutakusimulia, dada," nikasema.

"Mkinisimulia, watatafuta aliyenisimulia. Kula wewe, supu inapoa."

Siku iliyofuata tuliitwa ukumbini. Tulipojipanga, Seon-hwa akaja na kusimama katikati yetu, kavaa fulana ya mazoezi.

Do-gyun akakohoa. "Dada, hii haikuhusu."

"Naomba kuuliza, mkubwa. Mimi ni mwaka wa kwanza, au si mwaka wa kwanza?"

Jamani, nilitamani kumkumbatia! Do-gyun, kijana wa watu, alikuwa amekalia kuti kavu. Akimfukuza, atakuwa amekiri mbele ya wote kwamba mwaka wa kuingia si kitu mbele ya umri. Akimwacha, mwanamke anayeweza kumwita mtoto atainama miguuni pake. Mtu mwenye busara angesema leo hakuna mazoezi, nendeni nyumbani. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na heshima ya mkubwa ndiyo chakula chake. Akamwacha.

"Vichwa chini!" akafoka, kisha ulimi ukamteleza kwa mazoea: "Tafadhali, dada."

Mtu alicheka nyuma. Hakucheka tena, kwa sababu Seon-hwa alikuwa anashuka. Goti lake bovu lilikataa kwanza. Alilishika kwa mikono miwili akalikunja, kisha akaweka kipaji cha uso kwenye mbao zile chafu kando ya changu. Nilimwona akitokwa jasho. Hakuna kilichowahi kunitia uchungu ukumbini mle kama kumwona mtu mzima yule makalio juu kwa ajili yetu.

Do-gyun naye, kwa kutaka kuonyesha kwamba hajatetereka, akazungumza kuliko siku zote. Akaeleza habari ya bakuli. Akasema atakayeanza kunywa ni Eun-byeol, "huyu mwenye koo la binti mfalme," na asiyemaliza atamwagiwa kichwani. Akamalizia kwamba atakayepeleka maneno nje atajuta kuzaliwa. Yote hayo juu ya kisogo cha shahidi.

Seon-hwa alitoka pale akichechemea moja kwa moja hadi kituoni. Baadaye alituambia namna alivyoeleza: nimeona, nimesikia, nimefanyiwa. Hapakuwa na hata jina letu moja. Jina lililokuwepo lilikuwa lake.

Habari ilipofika idarani, Do-gyun alitukusanya uwanjani, uso umemvimba kwa hasira. "Nani? Ajitokeze sasa hivi, ama wote mtaipata!"

Eun-byeol akaushika mkono wangu. Seon-hwa akainua wake juu, kama mtu aliyeitwa darasani.

"Mimi. Na jina langu wanalo. Usiwahangaishe watoto."

Do-gyun akageuka, akaondoka uwanjani. Angemtishia nini mtu ambaye hajajificha?

Do-gyun alisimamishwa masomo muhula mzima. Bakuli likapigwa marufuku, na wahadhiri wakaambiwa waende nasi safarini kutusimamia. Lakini msidhani watu walimpigia makofi dada yetu. Kulikuwa na shule moja ya wasichana iliyomwahidi kazi ya kufundisha timu yake ya mpira wa mikono, na kocha mkuu wa pale ni mhitimu wa idara yetu. Ahadi ikafutwa kwa simu fupi. Kisha idara ikamwomba, eti kwa ajili ya amani, asije Daecheon. Watu hawa! Nilitaka kugoma kwenda. Akanikatalia: "Nenda ukamwangalie mwenzako."

Basi tukaenda. Mchana ule tulichoma chaza ufukweni, na Eun-byeol alikula mpaka akalegeza mkanda, akaimba wimbo wa wacheza besiboli kwa sauti ya mbuzi. Nikampigia Seon-hwa.

"Mbona kelele hivyo? Kuna nini?"

"Eun-byeol anaimba, dada."

"Anaimba? Kwa koo lile lile?"

"Lile lile."

Nikamsikia akilia, taratibu, kama mtu asiyezoea kulia.

"Usikate," akasema. "Msogezee simu karibu."