Huko Angani Nani Ananyoa?

Rafiki yangu kinyozi hakuwahi kuniamini kwa neno lolote, na simlaumu. Nilishamwambia mara nyingi kwamba nilipokuwa dereva wa gari la zimamoto nilikuwa naendesha kwa kasi mpaka siku moja tukafika kabla ya moto wenyewe. Ikabidi tukae kibarazani tuusubiri. Mwenye nyumba akaona aibu kutuacha hivihivi, akaenda kutuchemshia chai, na jiko la chai hiyo ndilo lililoanzisha moto tulioitiwa.

Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa wembe.

"Na chai mlikunywa?"

"Tulikunywa."

"Basi hamkuchelewa," akasema, akaendelea na kidevu cha mteja.

Ndivyo tulivyoishi. Mimi nasema, yeye anapunguza. Lakini kuna jambo moja aliniamini, au nilidhani aliniamini, na hilo ndilo lililokaribia kunitoa roho.

Kibanda chake ni kidogo. Kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa mbele yake, na benchi karibu na mlango linalotosha watu wawili waliozoeana. Televisheni ameitundika ukutani nyuma ya kiti, kwa makusudi. Zamani ilikuwa pembeni, wateja wakawa wanageuza shingo shujaa akirushwa dirishani, na mmoja akatoka na sikio lenye alama. Tangu hapo mteja anatazama picha ndani ya kioo. Picha anaiona vizuri, ila maandishi ya chini yanakuja kinyumenyume, hayasomeki. Ndipo nilipopata kazi uzeeni. Nilikaa benchini nikasoma yale maandishi kwa sauti, maana filamu zake nyingi zilikuwa za watu wa mbali na lugha zao hakuna aliyezijua.

Kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwa vibandiko vya makopo na karatasi za kufungia sabuni. Kwa hiyo nikikutana na neno gumu naliruka, na pale niliporuka naweka langu. Hakuna aliyelalamika.

Kinyozi alikuwa mpenzi wa picha za mashujaa na za anga kuliko mtu yeyote niliyemjua, na kama wapenzi wote wa kweli, alikuwa anazisema vibaya kutwa nzima. Wanaoruka hakuwataka kabisa.

"Mtu risasi haimwingii," alikuwa anasema, "sasa anaogopa nini? Na kama haogopi, ushujaa wake uko wapi? Ukuta pia risasi haiuingii, na sijaona mtu anaupigia ukuta makofi."

"Mimi nawapenda wanaoruka," namjibu. "Wewe hujabeba ngazi ghorofani."

"Tena na lile joho. Kila mteja wangu namvika joho kama lile, nalifunga shingoni vizuri. Hajaruka hata mmoja."

Picha za anga alizipenda zaidi, ila zilikuwa na kasoro moja iliyomnyima usingizi. Chombo kinasafiri miaka na miaka. Ndani kuna daktari, kuna mpishi, kuna mtaalamu wa nyota, kuna hata roboti wa kufua. Na vichwa vyote vimechongwa, hakuna unywele uliopita sikio.

"Huko angani nani ananyoa?" aliuliza kila wiki. "Nionyesheni kinyozi wao. Mtu anayeandika hadithi akisahau kinyozi, atasahau mengi."

Tamthilia aliyoitukana kidogo kuliko zote ilikuwa ile ya Nahodha. Nahodha alikuwa mama mtu mzima, nywele za mvi zimekatwa fupi, hana nguvu zozote za ajabu. Anaendesha chombo kikuukuu chenye watu wasiosikilizana. Na alikuwa na tabia moja: kabla ya kwenda kwenye hatari, anashika ukingo wa meza ya ramani kwa mikono miwili, anakaa hivyo kidogo, halafu anakwenda.

"Unaona?" Kinyozi alikuwa ananigonga goti. "Huyo anaogopa. Anaogopa na anakwenda. Huyo ndiye."

Kisha macho yakamfanyia hila. Mtoto wa jicho, huku na huku. Ukungu ukaanza pembeni, ukaingia katikati, mpaka mkasi ukahamia kwa binti yake, aliyekuwa amejifunzia pale pale miguuni pa kiti. Kinyozi akahamia benchini kwangu. Sasa sikumsomea maandishi tu, nikamsimulia na picha pia: nani ameingia, amevaa nini, moto una rangi gani. Kwenye moto nilikuwa mkweli, hiyo ni fani yangu.

Daktari alisema macho yote mawili yanapasulika na ataona tena. Kinyozi akakataa. Binti alibembeleza, mimi nikatania, hakuna kilichosaidia.

"Maisha yangu yote nimeshika wembe," alisema. "Najua mtu akipiga chafya mkono unakwenda wapi. Na daktari naye ana pua."

Akaacha kula vizuri. Akaacha hata kuwasema vibaya wanaoruka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alasiri moja, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alikuwa kitini ananyolewa, na tamthilia ya Nahodha ilikuwa inaendelea. Injini ya chombo imeshika moto. Lazima mtu aingie kuizima kwa mkono. Nahodha akashika meza.

"Ameshika?" Kinyozi akauliza.

"Ameshika."

"Anaingia?"

"Ameshaingia."

Kinyozi akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka dau, "Sikilizeni. Akitoka humo mzima, naenda kupasuliwa. Asipotoka, msinitajie tena habari ya jicho katika nyumba hii."

Mashine ya kunyolea ikazimika mkononi mwa binti. Sote watatu tukatazama, mimi moja kwa moja, wao ndani ya kioo.

Nahodha akaizima injini. Kisha dari ikamwangukia. Akafa, na wala hakufa kifo cha mashaka. Walimtoa, wakamfunika, daktari wa chombo akatikisa kichwa. Mwalimu hayo hakuyaona, alikuwa anapangusa nywele zilizomwingia machoni.

"Ametoka?" akauliza Kinyozi.

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini wote ulikuwa wa kujifurahisha. Huu ulikuwa wa kwanza wa kikazi.

"Ametoka," nikasema. "Anakohoa, lakini ametoka."

Macho ya binti yalikuwa kwenye kioo, yananitazama. Alimshika mwalimu utosi akamwinamisha. "Inamisha kichwa, Mwalimu. Nyuma huku kumebaki." Akamweka hivyo anatazama magoti yake mpaka kipindi kikakaribia kwisha.

"Mbona wanalia?" Kinyozi hakuwa kiziwi.

"Injini imekufa. Wanaiaga. Mafundi wana mapenzi na injini, ndugu yangu. Sisi gari letu la kwanza lilipouzwa chuma chakavu, mkuu wa kituo alikaa eda."

"Na yeye mbona haongei?"

"Moshi umemwingia kooni. Sauti imekatika. Hilo nalijua, mimi mwenyewe niliwahi kukaa mwezi mzima naongea kwa kengele ya gari."

Kinyozi akavuta pumzi ndefu. "Haya," akasema. "Mpigieni daktari simu."

Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishauleta nyumbani lazima uulishe. Kipindi kilichofuata Nahodha hayumo. Bahati ikanishika mkono: akaingia shujaa mpya kwenye chombo kile, haongei, kavaa barakoa ya chuma usoni, anadaka makombora kwa mikono mitupu. Nikamkamata papo hapo.

"Huyo ndiye yeye. Uso umeungua, wamemwekea barakoa."

"Mbona mabega yamepanuka?" mwalimu akauliza kutoka kitini. Huyo kila baada ya wiki mbili alirudi, nywele zake zinaota kwa chuki.

"Kaizime injini wewe, tuone kama hayatapanuka."

Kinyozi alikunja uso. "Lakini kudaka makombora sikupendi. Wameshamharibu, wamemtia nguvu."

"Anadaka, ila anatetemeka."

"Anashika meza kwanza?"

"Kila mara."

Akatulia. "Basi ni yeye."

Akaenda kupasuliwa jicho la kulia, kabla hajabadili mawazo. Na likaona. Kitambaa kilipotolewa alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akamwambia amechukua paji la uso la mama yake. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umezeeka vibaya. Kwa sauti ulikuwa kijana." La kushoto likapangiwa Jumatatu ya wiki ya pili yake.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, kipindi cha mwisho cha tamthilia kilikuwa kinaonyeshwa alasiri. Tangazo lilikuwa limeshasema, na picha zake, kwamba leo barakoa itavuliwa.

Nilifika mapema nikamkuta binti peke yake anafagia. Nikapanda juu ya benchi, nikaanza kuuchunguza waya wa televisheni kwa upole, kama mtu anayemtafuta mdudu.

"Shikamoo, baba mdogo. Uache huo waya."

"Marahaba. Unacheza ovyo, nautengeneza."

"Hauchezi." Akaegemeza ufagio. "Ukiung'oa atakwenda kuangalia kwa jirani, peke yake. Bora awe hapa na sisi." Akachungulia mlangoni. "Lakini akijua kwamba yule mama alikufa siku ile, Jumatatu haendi. Usiku mzima ananiambia, jicho moja linatosha, sindano ile naijua sasa, sirudi tena. Wewe ndiye uliyemwingiza humo. Fanya unavyofanya."

Mlango ukafunguliwa, Kinyozi akaingia amevaa shati la kutokea, mkono begani kwa mwalimu, aliyekuja kunyolewa. Nikashuka benchini haraka kuliko umri wangu.

"Leo husomi picha," Kinyozi akaniambia akikaa. "Picha nitaona mwenyewe. Wewe soma maandishi tu. Nataka kumwona Nahodha kwa jicho langu, halafu tutaongea habari ya Jumatatu."

Sijui kama umewahi kukaa na mtu ndani ya nyumba inayoungua ukijua yeye bado hajanusa moshi. Nilisoma maandishi kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Vyombo vikapigana. Makombora yakadakwa. Kinyozi alinyoosha shingo, jicho moja linameremeta, jingine bado lina wingu. Binti alikuwa ananyoa sehemu moja ya kichwa cha mwalimu bila kuhama.

Vita vikaisha. Shujaa akasimama peke yake kwenye ukumbi mtupu wa chombo, akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akafungua vifungo. Barakoa ikatoka.

Alikuwa mwanamume wa makamo. Tena ana ndevu. Si ndevu za kukisia, ni ndevu kamili, zimeshuka mpaka kifuani.

Mwalimu akasema ndani ya kioo, polepole, kama mtu aliyekuta jumla haikubali, "Mzee Zimamoto. Huyo ndiye Nahodha?"

Nilifungua kinywa na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikuwa na kitu ndani.

Kinyozi aliinuka. Alikwenda mpaka mbele ya televisheni, akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo chake, akamkagua yule mtu kwa jicho lake jipya: shavu la kushoto, la kulia, chini ya kidevu. Akanitazama mimi. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameishika mashine kama mshumaa. Kisha akarudi benchini, akakaa, akakunja miguu.

"Nilisema," akasema. "Miaka yote hiyo angani bila kinyozi. Mlitegemea nini?"

Binti alicheka mpaka akaizima mashine. Mimi pia nilicheka, lakini changu kilikuwa na majimaji.

"Lakini huyo ni mwanamume," mwalimu akang'ang'ania.

"Mwalimu, ulikuwepo alipovalishwa barakoa?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Basi tulia unyolewe. Watu wenye ndevu wamefunika siri kubwa kuliko hiyo."

Kwenye picha, yule mwenye ndevu alikuwa anaelekea kwenye mlango mkubwa wa mwisho, ambao nyuma yake kulikuwa na giza la anga. Alisimama mbele yake. Ukumbi ule ulikuwa mtupu, nimeshasema. Hapakuwa na meza, hapakuwa na kiti, hapakuwa hata na msumari wa kuning'inizia kofia.

"Ameshika meza?" Kinyozi akaniuliza. Alikuwa anatazama picha, si mimi.

"Ameshika."

"Kwa mikono miwili?"

"Miwili."

"Eeh," akasema. "Nimeona."

Mpaka leo sijamuuliza alijua lini. Nikiuliza ataniambia ukweli, na sisi wawili hatujazoea.

Jumatatu nilimsindikiza hospitali pamoja na binti yake. Walipomwita alikwenda vizuri mpaka karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, ambapo kuna meza ya muuguzi. Hapo akasimama. Akashika ukingo wa ile meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Mzee anajisikia vibaya?" muuguzi akauliza, akaanza kuinuka.

"Mwache tu, mama," nikamwambia. "Anakwenda sasa hivi."

Akaenda.