Shamba la Mama Perez Ndani ya Filta

Jumanne saa tatu asubuhi Asekenye alisimama mbele ya kibanda cha spea cha Okurut pale Malaba, mkono mmoja ameshika filta ya hewa ya karatasi, mkono wa pili filta ya pamba yenye wavu wa waya. Aliziinua kuelekea jua, moja baada ya nyingine, akachungulia mwanga unavyopita. Nyuma yake gari aliloliendesha, Probox, lilikuwa na boneti wazi, na makreti ya nyanya za akina mama wa soko la Busia yalikuwa bado chini.

"Nyabo, unachagua filta ama unachagua bwana?" Okurut akamuuliza.

"Bwana akinisumbua namrudisha kwao. Hii ikinisumbua, mzee Egesa ananinyang'anya gari."

Hilo halikuwa utani. Gari lilikuwa la mzee Egesa wa Nambale, na mwezi uliopita lilimeza vumbi mpaka likazima katikati ya njia, nyanya zikaivia humo ndani. Egesa hakugomba. Alisema tu kwamba likizima tena kwa sababu ya vumbi, funguo zirudi Nambale, ampe mpwa wake. Kosa lilikuwa la Asekenye na la kila dereva wa ile njia. Filta ya karatasi ikijaa, walikuwa wanaipeleka kwa mtu wa pancha, anaipuliza kwa ule upepo wa magurudumu, inatoka nyeupe kama mpya. Kumbe upepo ule huitoboa matundu madogo yasiyoonekana, na vumbi halihitaji mlango mkubwa.

"Ya karatasi ni bei rahisi," Okurut alisema, "lakini kwa hili vumbi letu utaitupa kila mwezi. Hii ya pamba unaosha, unaanika kivulini, unapaka mafuta, unarudisha. Gari inapumua kama mtu ametoka kanisani."

"Mafuta gani?"

"Iko na chupa yake." Okurut aliitafuta chupa juu ya rafu, akaitafuta chini ya meza, kisha akakumbuka kwamba alimuuzia mtu wa boda akapake mnyororo. "Tumia ya simsim. Ni mepesi. Wateja wangu wa hii filta hakuna hata mmoja amewahi kulalamika."

"Umeuza ngapi?"

"Ukinunua, moja."

Asekenye akanunua. Nyumbani alichukua mafuta ya simsim, yaani ufuta, ya mama yake, akaipaka filta kwa unyoya wa kuku, mkunjo kwa mkunjo, bila haraka. Siku nne gari lilikwenda vizuri sana.

Jumamosi akaifungua kuiosha. Alimwaga maji kutoka upande wa ndani kwenda nje, kama alivyoelekezwa, na udongo ukaanza kutoka. Filta ukubwa wake ulikuwa kama wa daftari la shule. Udongo ulijaza karai la kwanza, ukajaza la pili, na Asekenye akaenda kwa jirani kuazima la tatu. Haukuwa vumbi jekundu la barabarani. Ulikuwa mweusi, mzito, una mizizi ya muhogo na karanga mbili tatu, na mwishoni ukatoka mnyoo mzima, hai. Asekenye aliuweka mnyoo kivulini, kando ya filta, usikauke.

Mama Perez alikuwa anapita na kikapu chake cha viazi vitamu vya kuchemsha. Huyu alikuwa mjane wa pale pale Malaba. Miaka miwili iliyopita, wenye yadi ya malori, ile Asekenye anayopita kila siku, walilizungushia shamba lake mabati, wakalimwagia kokoto, wakamwachia kipande kando ya uzio chenye upana wa kitanda. Tangu hapo kila mwezi alikwenda ofisi ya ardhi, na kila mwezi alijibiwa kwamba faili liko mezani.

Aliweka kikapu chini, akachota udongo kidogo kwa kidole, akauonja.

"Huu ni wangu," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Nimeupalilia miaka thelathini, mtoto. Huu ni wa kule chini karibu na kichuguu. Ule wa juu una chumvi kidogo. Leta ndoo."

Asekenye akapakia makarai kwenye Probox, wakaenda kuumwaga kwenye kile kipande. Jumamosi iliyofuata yalitoka makarai matano. Ile ya tatu yalitoka tisa na jembe lisilo na mpini, na Mama Perez alifurahi kuliona maana alikuwa amelitafuta sana.

Kule yadi, mlinzi wa getini aliona kwamba trela alizokuwa akizitazama kwa kuinua shingo sasa anatazamana nazo uso kwa uso. Wenye yadi wakajenga mteremko wa saruji wa kushukia getini, malori yakaendelea kuingia. Madereva walisema huko chini kuna ubaridi mzuri wa kulala.

Shida ilikuwa moja. Kila Ijumaa Probox ilikuwa nzito, na mambo kama hayo hufika Nambale kabla ya jua kuzama. Mzee Egesa alikuja na filta mpya ya karatasi ndani ya boksi lake.

"Inakohoa?"

"Haikohoi, mzee. Inachoka tu."

"Nimesikia unalima na gari yangu. Mimi nilikupa ubebe nyanya." Akatoa filta ya pamba, akaweka ya karatasi. "Tumia hii. Ikizima, unajua tulivyosema."

Asekenye alijua. Aliendesha polepole, akipita kwenye geti la yadi anazima feni na kushikilia pumzi, kana kwamba hilo lingesaidia. Lakini udongo ulikuwa umeshazoea njia. Jumatatu mchana karatasi ilikuwa imejaa. Jumatano mche wa maharagwe uliota ndani ya sanduku la filta, ukasukuma kifuniko, vumbi likapata nafasi. Alhamisi saa nne gari lilizima mbele ya yadi, nyanya zote zikiwa ndani.

Egesa alifika na mpwa wake. Asekenye alifungua boneti, akanyoosha kiganja chenye funguo.

Mzee hakuzichukua mara moja. Aliinama juu ya injini, akahesabu majani ya maharagwe, akageuza moja kuangalia wadudu. Mizizi ilikuwa imeipasua karatasi vipande vipande.

"Haya ni ya aina gani?"

"Yale ya madoadoa. Ni ya Mama Perez."

"Mmea umenawiri."

"Mzee," Asekenye alisema, "karatasi haiwezi kubeba shamba. Pamba inaweza. Nipe dakika tano."

Filta ya pamba ilikuwa chini ya kiti, imeoshwa, imekauka, imepakwa simsim. Alisafisha sanduku kwa kitambaa, akaiweka, akabana klipu, akawasha. Injini iliwaka mara ya kwanza. Egesa alitega sikio kwa muda mrefu, mkono kwenye boneti, kama anayesikiliza ng'ombe tumboni.

"Na hilo shamba litaisha lini?"

"Sijui. Lilikuwa ekari moja kasoro kidogo."

"Sasa mbona unaosha Jumamosi peke yake? Osha na Jumatano." Akachomoa funguo, akaziweka kiganjani mwa Asekenye, akakikunja kiganja. Mpwa aliomba basi apewe nauli ya kurudi. Mzee mwenyewe akaenda kwa Mama Perez kuomba mbegu.

Mama Perez alipeleka ndoo moja ya udongo ofisi ya ardhi. Karani aliuangalia kwa heshima, akaugusa, akakubali kwamba ni udongo mzuri na kwamba ni wake. Ila udongo si karatasi, alisema, na faili bado liko mezani. Mama alimshukuru akarudi na ndoo yake.

Siku hizi kile kipande chenye upana wa kitanda kimeinuka kupita mabati. Juu yake kuna muhogo, maharagwe, viazi, na kigoda. Mama Perez hukaa hapo akitandaza viazi vya kuchemsha kwenye sinia, na Asekenye akimaliza kumwaga makarai hupewa kimoja, cha moto. Chini kule trela zimejipanga safu baada ya safu, na madereva hupanda juu ya vichwa vya malori yao ili wamfikie.

"Mama, mbona unakaa juu hivyo?" dereva mmoja mgeni alimuuliza juzi, mkono ameunyoosha.

"Sikai juu. Wewe ndiye umeegesha shambani kwangu."

Dereva alitazama chini, akatazama juu, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nipe viwili," alisema, "na chumvi."