Bwawa la Wachimbaji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, perege mmoja alikuwa akielea ubavu juu kwenye kona ya bwawa. Baruti alimvuta kwa fimbo, akamgeuza. Mashavu yake yalikuwa na rangi ya kutu. Alipoinua macho aliona kwamba samaki huyo hakuwa peke yake.

Baruti alikuwa mlipuaji wa miamba mgodini, ndiyo maana jina hilo lilimganda. Mgodi ulipofungwa, ulikuja mradi wa kuwaanzishia watu kazi nyingine: kuku, nyuki, au samaki. Alichagua samaki. Daktari alikuwa amemwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia kuwa vumbi likiongezeka kidogo tu, itabidi apumulie mashine. Mkewe alimwapisha kuwa hatashuka tena chini.

Mafunzo yalisema bwawa liishie kiunoni. Baruti na wenzake wawili wa zamani walicheka. Watu wa mgodini kuambiwa kiunoni! Waliendelea mpaka mwamba wa kijivu wenye kumetameta, wakanyoosha kuta kama za shimo la mgodi, wakapigana picha. Mwamba huo waliujua vizuri, maana ndio uliotangulia dhahabu. Hawakujiuliza ungefanya nini ukikaa na maji.

Afisa wa samaki, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alichovya karatasi ya kupimia, akaitazama, akaitazama tena.

"Mzee wangu, nilisema kiunoni."

"Kiunoni tulifika kabla ya chai."

"Mngekunywa chai, mkaenda nyumbani." Alikunja karatasi. "Mwamba huu ukipata maji na hewa unatoa tindikali. Ndiyo iliyotoka mgodini ikaua mto wenu."

"Tukiufukia?"

"Mfukie, mpige udongo wa mfinyanzi, mtie chokaa, msubiri msimu mzima. Ila vifaranga wa samaki, mzee, mradi hautoi mara mbili."

Mchana mkewe aliingia majini na beseni, akawaokota samaki mmoja mmoja ili mbwa wasile. Kaka yake alifika kwa pikipiki, akachungulia.

"Shem, hili bwawa au kaburi la ukoo?"

"Cheka tu, shemeji."

"Sicheki. Kule nyuma ya kilima tumefungua shimo letu, na hatuna anayejua fataki. Wiki iliyopita kijana kapoteza vidole. Njoo leo." Akamgeukia dada yake. "Au unasemaje, dada?"

"Nilishasema mwaka jana," alijibu mkewe bila kuinua kichwa. "Mimi si redio."

Baruti alitaka kusema kitu, kikohozi kikamwahi. Kilipotulia, aliingia bandani akatoka na kofia yake ngumu, ile ambayo mkewe alikuwa akipimia chakula cha samaki. Aliikung'uta pumba, akaivaa, akapanda nyuma ya pikipiki.

Walipokata kona aligeuka. Mkewe alikuwa ameweka beseni chini na kuchukua koleo. Alikuwa akirudishia udongo bwawani, pole pole, kuanzia kona ile ya asubuhi.

Saa kumi na nusu jioni, Baruti alijifunga kitambaa puani, akashika kamba, akashuka shimoni.