Unga wa Mama Siwatu

Mwanamke tusiyemjua aliingia katika ukumbi wa kanisa letu hapa Ruiru Jumamosi moja mchana, blanketi begani, pakiti mbili za unga wa uji mkononi.

"Habari zenu. Mimi ni Selpha, natoka Thika," akasema akihema. "Shemeji yangu Ciku, anayesali hapa, ameniambia mnamwombea Mama Siwatu, mjane anayefukuzwa kwake. Yuko wapi nimpe hii?"

Tukatazamana. Mama Siwatu alikuwa mhusika wa riwaya kongwe tuliyoisoma kwa sauti kila Jumamosi, sote tukitumia nakala moja. Kikundi nilikianzisha mimi baada ya chuo, nikitafuta kazi ya ualimu. Maombi yalikuwa ya bibi yetu mzee, Cucu Ngendo: tukimaliza kusoma, aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na mhusika yeyote aliye taabani.

"Mama," nikamwambia polepole, "Mama Siwatu yuko kitabuni."

"Uwi! Nimebeba unga kutoka Thika nimletee mtu wa kitabu?"

Cucu Ngendo alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Selpha naye akaangua kicheko, akavuta kiti. "Haya, niambieni basi. Ameshafukuzwa ama bado?"

Nikamsimulia: shemeji zake wamempa hadi mavuno awe amehama, naye kila alfajiri anafagia ua. Nikawauliza kwa nini mwandishi anaurudia ufagiaji huo kila sura.

"Ni kichwa ngumu tu," akasema Cucu. "Unafagiaje nyumba ya kunyang'anywa?"

"Cucu, huyo anawaambia hapa ni kwake, bila kufungua mdomo," Selpha akasema.

"Ama anaaga," akanong'ona Dismas, kinyozi wetu asiyesema sana.

Tulibishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Selpha akanishika mkono mlangoni. "Mwalimu Nafuna, wiki ijayo niko zamu kiwandani, nitachelewa. Niahidi hamtasoma mwisho bila mimi."

"Nakuahidi."

Jumamosi iliyofuata alikuja Bwana Kagwe, mkuu wa shule moja ya Kahawa Sukari. Alitaka mwalimu wa fasihi, na alikuwa amekubali kuja kuniona nikifundisha. Wiki nzima sikuwa nimewaza jambo jingine.

"Nionyeshe unavyofunga riwaya," akasema. "Soma sura ya mwisho."

Kiti cha Selpha kilikuwa kitupu.

"Samahani, Bwana Kagwe. Kuna msomaji tunamngoja. Naomba turudie sura iliyotangulia."

"Saa kumi nina mwalimu mwingine wa kumwona."

"Naelewa."

Alisikiliza kidogo, akatazama saa, akatuaga kwa adabu. Gari lake lilipotoka langoni, Cucu alinigeukia. "Mwanangu, si ungesoma tu? Huyo Selpha tungemsimulia!"

"Cucu, kusimuliwa si sawa na kuwepo."

Akatikisa kichwa, akafungua chupa ya chai aliyokuwa amejaza uji wa unga ule ule aliotuachia Selpha. Alikuwa anamimina kikombe cha tatu Selpha alipoingia mbio, bado amevaa aproni, ananukia mananasi ya kiwandani.

"Mmemaliza?"

"Bado."

"Uongo!"

Nikamwonyesha kurasa za mwisho, bado zimebanwa kwa utepe. Akazitazama, akanitazama, akaketi taratibu kama mtu aliye kanisani. Cucu akampa kikombe. "Kunywa. Mama Siwatu amekukaribisha."

Nikavuta utepe, nikaanza kusoma.