Bango la Walimu wa Sanaa

Palikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa pekee anayefundisha sanaa shuleni kwake, na kila kukicha mkuu wa shule alimwagiza kuandika mabango. Alipoalikwa kwenye mkutano wa walimu wenzake wa sanaa, alikwenda mbio.

Walikuwa kumi na mmoja. Mwenyekiti akauliza, "Jamani, nani atatuandikia bango la mlangoni?"

Mmoja akatazama dari, mwingine akatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Dada, nisamehe," mwalimu wetu akamwambia mwenyekiti. "Miaka tisa naandika mabango. Leo sishiki brashi!"

Wakaangua kicheko. Kumbe donda lao lilikuwa moja! Mlinzi wa geti akawahurumia, akaandika: KARIBUNI WALIMU WA SANA.

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, maana angeambiwa aandike mwenyewe.